Bendera za Samaki Wote

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Lazima nionekane.

Niandike haraka kabla Bonge hajaamka. (Bonge ni binti yangu. Kwenye cheti ana jina lingine, lakini alizaliwa na mashavu yale, basi.) Leo baada ya chai Meneja katuita sisi wawili wa chumba cha kufulia. Kasema wageni hawa wakishaondoka, wazamiaji na wavuvi, msimu umekwisha. Kwenye kufulia anabaki mtu mmoja. Atakayebaki anapewa chumba cha familia nyuma ya karakana. Mwingine anapanda boti ya mizigo Jumatatu ijayo. Jibu kamili Jumapili. Kasema tuendelee na kazi kama kawaida.

Kama kawaida! Mama huyu hajui moyo wa mtu.

Nikiondoka mimi narudi kisiwa kikubwa kwa mama mkwe, Bonge mgongoni. Baba Bonge anabaki, ni fundi wa injini za boti, na injini hazina likizo. Visiwa vyetu vimepangana kama vifungo vya shati, ukisimama kwenye kimoja unakiona cha pili, lakini jaribu kuvipita bila boti. Tutamwona lini? Na mtoto ndiyo kwanza ameanza kumjua baba yake. Akisikia injini inakohoa kule gatini anageuza shingo, anasema "ba!" Shingo ile haitageuka bure. Hapa hatutoki.

Kikwazo ni Dada Pasi, mwenzangu wa kufulia. Lazima niseme ukweli maana hapa nipo peke yangu: mwanamke yule ana mkono! Anapiga pasi taulo. Anapiga pasi matambara ya kudekia. Juzi nilimkuta anapiga pasi kamba za viatu vya mgeni. Leo amekunja taulo za chumba cha kwanza zikawa samaki taa, bapa kabisa, na mkia. Meneja kasimama mlangoni, kasema aa! Mimi nikakimbilia chumba cha pili, nikakunja bata maji. Mgeni akaniuliza kwa upole ile taulo chafu aipeleke wapi.

Haya. Kwa kukunja kaniweza. Sitapigana naye ndani. Natoka nje, gatini, macho ya watu yaliko.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi! Na doa dogo.

Asubuhi nimejipeleka chumba cha wazamiaji bila kuitwa. Bonge nimemketisha ndani ya beseni tupu la miwani ya kuzamia. Siku zote nilikuwa nawaona wageni wanavyoteseka na zile suti za mpira. Suti ina maji ya jana, inabana, inanata. Mtu mzima, pengine huko kwao ni hakimu, anarukaruka kwa mguu mmoja, anajigonga ukutani, anatukana kwa lugha yake. Leo nikamtazama mmoja nikasema moyoni, huyu si ni Bonge na suruali ya sufi? Hakuna tofauti. Mguu ukikataa usivute nguo. Udanganye mguu.

Nikatwaa mfuko wa nailoni, nikamvisha mguuni kama soksi. Mguu ukateleza ndani ya suti, suuu! Nikachomoa mfuko, mguu wa pili. Mikono. Nikampigapiga mgongoni nikamwambia haya mama, kwisha. (Alikuwa mwanamume. Ilitoka yenyewe.) Kacheka, na wengine wakapanga foleni. Watu waliozoea kutumia asubuhi nzima kuvaa, wakawa wamekaa botini wanangoja jua.

Mwalimu kaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwonyesha beseni. Kamtazama Bonge, kainamisha kichwa kama anamwamkia.

Mwalimu ndiye anayewafundisha kuzamia. Umri wake kama wangu hivi. Jamani, nampenda yule dada. Anakaa ukingoni mwa boti na mtungi wa hewa mgongoni, mzito kama gunia, kisha anajiachia kinyumenyume. Haangalii nyuma! Anaangukia bahari kama mtu anayejitupa kitandani kwake baada ya kazi. Kila akifanya hivyo mimi hushika kifua.

Sasa doa. Kulikuwa na mgeni mmoja mkubwa, mkimya, mwenye adabu sana. Nilimvisha vizuri, zipu nikaipandisha mpaka kidevuni, nikampa kofi la mgongo. Kumbe zipu ya suti zile inakaa nyuma! Nguo gani ya mtu mwenye akili ina zipu nyuma? Mtoto unamfunga mbele, unamwona uso. Naye akadhani labda ndiyo desturi yetu. Kaenda hivyohivyo, kazama hivyohivyo, karudi anatembea kama kaa. Kasema bahari ni nzuri mno, ila inakaba kidogo kooni. Mwalimu aligeukia ukuta. Mabega yakawa yanacheza.

Na nani anapita saa ile? Meneja. Foleni hakuiona. Kamwona yule.

Jumatano, 5 Machi

Leo niliamka na wazo zuri kuliko yote. Ni wazo lililoniangusha, lakini bado naliona zuri.

Wageni wetu ni watu safi. Wanaoga asubuhi, wanaoga mchana, wanaoga jioni. Lakini wakifika botini kila mmoja anaivua miwani yake ya kuzamia, anaitemea mate, thu! Anasugua kwa kidole, anasuuza, anavaa usoni. Nilikuwa nageuza uso kwa aibu kwa niaba yao. Jana Mwalimu kanieleza: mate yanazuia kioo kisipate ukungu kule chini. Kasema wengine badala ya mate wanatia tone la sabuni ya mtoto.

Sabuni ya mtoto! Moyo uliruka. Kisiwa kizima nani mwenye vitu vya mtoto? Dada Pasi anavyo? Hana! Hapa pasi yake haifui dafu. Nikamkumbatia Bonge, nikamwambia mwanangu, leo wewe ndiye mtaji.

Sabuni ilikuwa imekwisha. Lakini mafuta yapo. Chupa ni ileile, rangi ileile, na picha ya mtoto yuleyule. Nikaipaka miwani yote, ndani na nje, kwa upendo. Iling'aa!

Wakaenda kwenye mwamba ulio mzuri kuliko yote, ule wanaousubiri wiki nzima. Wakarudi wameona weupe tu, kama maziwa. Mmoja alimfuata samaki mkubwa kwa heshima, pole pole, mbali kidogo asimshtue, mpaka samaki akageuka. Alikuwa mke wake. Mwingine anaapa kwamba ameshikana mkono na pweza, lakini hana hakika.

Mwalimu alinusa miwani. Akamnusa Bonge. Akajua.

Nikangoja kufokewa. Hakufoka. Kachukua beseni, kakaa kwenye ngazi za gati, kaniita nikakae naye, tukaosha miwani yote kwa sabuni ya vyombo, moja baada ya moja, alasiri nzima. Bonge anachezea povu. Nikamwomba anihadithie chini kukoje, maana mimi nafua chumvi ya bahari kwenye nguo za watu kila siku, bahari yenyewe siijui ndani.

Kaniambia mambo! Kuna pweza anayejipamba mlango kwa magamba ya kombe aliowala. Kuna samaki wadogo wenye duka la kusafisha meno: samaki wakubwa wanapanga foleni, wanafungua mdomo, wadogo wanaingia, wanasugua, wanatoka salama. Foleni kabisa, hakuna kusukumana. Na kuna pono. Mwalimu kasema pono akitaka kulala anajitengenezea shuka kutoka kwenye ute wake mwenyewe, anajifunika mwili mzima, halafu ndiyo analala. Unaweza kumsogelea na taa usoni, haamki.

Nilicheka mpaka machozi. Mama yangu miaka yote akituamsha kwenda shule alikuwa anasema mmelala kama pono. Na sisi tukaendelea kusema, vizazi na vizazi. Na kumbe ni kweli! Mtu ameshuka akamkuta ndani ya shuka lake!

Sijafanikiwa leo. Lakini alasiri ile sitaisahau.

Meneja kapita mara mbili. Mara zote nilikuwa nimekaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimehamia kwa wavuvi. Wazamiaji wamenifahamu vya kutosha.

Wavuvi ni watu wa ajabu, na nawastahi. Wanatoka mbali, wanakaa juani kutwa nzima wakishikilia ufito wa kuvulia, wanapambana na sulisuli mrefu kuliko Baba Bonge, wanamfikisha ubavuni mwa boti, wanapiga picha. Halafu wanamwachia aende zake! Nilidhani ni utani. Nahodha kanieleza, na Nahodha maneno yake ni ya kuhesabu. Kasema hapa kwetu sulisuli hauawi.

Kumwachia kwenyewe si kumtupa. Baba Bonge kanihadithia. Samaki akichoka, Nahodha anainama, anamshika mdomo kwa mikono miwili, na boti inakwenda taratibu, maji yapite kwenye mashavu mpaka apate pumzi. Hata ikichukua muda mrefu. Nahodha hana haraka. Mkia ukianza kupiga wenyewe, ndipo anafungua vidole. Baba Bonge anasema midomo ya Nahodha huwa inacheza wakati huo, ila hakuna aliyewahi kusikia anachomwambia. Mimi najua. Ni yale ninayomwambia Bonge akilia mpaka akaishiwa sauti.

Ila yupo mgeni ambaye hana hata wa kumwachia. Mabaharia wamempa jina la Bwana Chambo, kwa kuwa kila msimu anakuja, kila siku anatoka, na samaki wanakula chambo wanakwenda. Hajawahi kupata hata mmoja. Hajawahi kununa! Leo tena karudi mikono mitupu. Kashuka gatini, kageuka, kaivulia bahari kofia, kaishukuru kwa siku njema. Wenzake wakamtania, eti samaki wa huku wamenenepa kwa ajili yake. Kacheka nao. Kuna watu wameumbwa vizuri.

Sasa, kazi. Kila boti ya uvuvi ina vibendera, kimoja kwa kila aina ya samaki, na picha yake. Wakirudi wanapandisha cha samaki waliyempata, walioko gatini wajue tangu mbali. Nimevishika leo mara ya kwanza. Aibu! Moshi wa injini, chumvi, damu ya chambo. Vimekauka kama ngozi ya ngoma. Sulisuli anaonekana kama kijiko kilichoungua. Na nimeona kwa macho yangu jana wakiingia na bendera ya sulisuli imegeuzwa, samaki miguu juu. Yaani tumbo juu. Wanaume! Hata kichwa cha samaki hawakijui kiko wapi.

Nimevikusanya vyote kwenye beseni. Kesho Meneja ataona kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika, ingawa sitaki.

Asubuhi nilifua bendera. Niliziroweka, nikazisugua kwa kucha, nikabadilisha maji mpaka yakawa maji. Rangi zikatoka! Sulisuli kumbe ni wa buluu iliyokolea, na pezi la mgongoni limefunguka kama upepeo wa bibi harusi. Jodari wa fedha. Kolekole wa manjano. Felusi wa kijani na paji lake la uso kama mzee mwenye hoja. Papa naye, na tabasamu. Nikazitazama kwenye beseni nikajisikia nimewafufua.

Kamba za kuanikia zikawa zimejaa. Zote! Dada Pasi ametandaza mashuka mwanzo hadi mwisho, na wingu linakuja. Nikasema hii ni hila. Ameninusa.

Mungu hamtupi mja wake. Baba Bonge kaja kunywa maji, kasema baada ya chakula yeye na Nahodha wanajaribu injini, wanazunguka kisiwa tu na kurudi. Upepo wa bure! Nikamwomba Nahodha nipande na Bonge, niuambie upepo shida zangu. Kaitikia kwa kichwa. (Huitikia hivyo kwa kila jambo. Pengine hakunisikia kwa injini.) Bwana Chambo naye akaomba aje kupunga hewa, bila ufito.

Nikazibana bendera kwenye kamba za mlingoti, juu ya paa, kwa vibanio vyangu vya nguo. Zote. Na safari hii kwa adabu, kila samaki kichwa juu. Nahodha yuko chini ya paa, haoni juu. Baba Bonge kichwa kimezama kwenye shimo la injini. Bwana Chambo kajifunika kofia, kasinzia. Bonge anazitazama, anapiga makofi.

Tukapita rasi. Watu waliolala mchangani wakaketi. Walioketi wakasimama. Mmoja akanyoosha kidole. Kisha wakaanza kukimbia kuelekea gatini, na taulo zao, na watoto wao. Nikaona jikoni kumemwagika watu wote. Nikamwona Dada Pasi kaacha mashuka, kashika mdomo.

Jamani, furaha ile! Nilijua usafi unaonekana kwa mbali, lakini sikujua ni kiasi hiki. Nikawapungia mkono. Nikaushika mkono wa Bonge naye akapunga. Nikampungia hasa Dada Pasi.

Tulipokaribia ndipo nikaona kuna kitu. Nusu ya watu wanashangilia, nusu wamenyamaza. Wavuvi wanapiga mbinja, wanamwita Bwana Chambo shujaa, simba wa bahari. Wazamiaji wamekunja mikono. Mama mmoja mtu mzima analia. Mwalimu alikuwa amesimama mwisho wa gati. Akazitazama bendera moja moja. Akanitazama mimi. Akageuka akaenda zake.

Meneja kafika anakimbia, kiatu kimoja. Anauliza wako wapi. Nani? Samaki! Hao wote mliowaua!

Hapo ndipo nilipoelezwa. Bendera ikipandishwa kichwa chini, maana yake samaki amerudishwa baharini mzima. Kichwa juu, ameuawa. Na mimi nilikuwa nimezunguka kisiwa kizima, mchana kweupe, nikipunga mkono, na kila samaki wa bahari hii kichwa juu. Mpaka papa.

Bwana Chambo kaamka na makelele, kauliza kwa sauti ndogo ni nani amevua yote hayo. Wakamwambia ni wewe! Kavua kofia.

Meneja kauliza nani ametundika. Nikasema mimi. Wakati huohuo kichwa cha Baba Bonge kikatoka shimoni, kimejaa grisi, hajui hata tunazungumza nini, kikasema mimi. Na Nahodha akasema boti ni yangu. Meneja akasema hakuomba kwaya.

Jumamosi, 8 Machi

Meneja amezunguka vyumba vyote kutuliza wageni. Wazamiaji wengine walishafungasha, wanasema hawalali mahali pa wauaji. Ilibidi awapeleke mmoja mmoja mpaka botini wanuse wenyewe. Hakuna samaki, kuna harufu ya sabuni.

Kisha kaniita. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kasema amefikiri, na anaona heri nianze kuweka vitu tayari. Atathibitisha kesho.

Nimeweka tayari. Vitu si vingi, vingi ni vya Bonge. Baba Bonge kaja, kaona begi, kalikalia. Nikamwambia toka nifunge. Hakutoka. Baadaye kamchukua mtoto, kaenda naye gatini. Nikawafuata kwa mbali. Alikuwa anaziwasha injini za boti zote, moja baada ya nyingine, kamshikilia Bonge karibu asikie. Akimaliza moja anamwambia hii ndiyo ba, unasikia? Hii ndiyo ba. Nikarudi haraka wasinione.

Nikamtafuta Mwalimu kumwomba radhi, maana ile kugeuka kwake ndiyo iliyonichoma zaidi. Yuko anajaza hewa kwenye mitungi. Kasema kuna sulisuli mmoja anamfahamu, ana pezi lililochanika, wanakutana kila msimu. Jana alidhani ni yeye. Nikaanza kulia pale katikati ya mitungi. Kaniacha nilie kidogo. Kisha kauliza yule bwana wa zipu anaendeleaje na koo lake. Tukacheka, huku nalia.

Bwana Chambo naye kaja mpaka mlango wa kufulia, kofia mkononi. Kaniomba ruhusa apige picha na bendera. Kasema miaka yote anayokuja hapa hajawahi kulaumiwa kwa kumuua hata dagaa, na jana kwa dakika chache watu wazima walimwogopa. Kasema hajawahi kuishi namna ile. Nikamtundikia zote, kichwa chini safari hii. Alisimama mbele ya bendera kifua nje. Nimemwambia amependeza. Kweli alipendeza.

Dada Pasi alikuwa ananyoosha mashuka, hakuinua uso. Nikajua anafurahi kimoyomoyo. Angalau afurahi mtu.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Bonge amelala kama pono na mimi nimekaa CHUMBA CHA FAMILIA!

Meneja katuita wote wawili, kaketi, kasugua macho. Kasema kabla hajasema jambo lolote anataka nijue kitu. Dada Pasi alikuwa ameshaomba kuondoka. Zamani! Kabla hata ya kile kikao cha Jumatatu. Anakwenda kufungua chumba chake cha udobi na dada yake, kwenye mji wao, na kibao juu ya mlango. Chumba cha familia kilikuwa changu tangu mwanzo. Meneja alikuwa anangoja tu ofisi kubwa ikubali. Kasema nilichotakiwa kufanya wiki nzima ni kufua.

Kisha kasema jana, baada ya bendera, alimwendea Dada Pasi kumsihi abaki yeye badala yangu. Na Dada Pasi akakataa. Alikuwa amesimama hapohapo, akarudia mbele yangu, mikono kiunoni. Hata wampe jumba, habaki. Na wakimtoa Mama Bonge, watafute mtu wa kumweleza yule mtoto kwa nini injini inalia na baba hatokei. Kasema mwenzake ni msumbufu, ni kweli, ukimwacha na chupa ya mafuta anapofusha watu, lakini kuna mtu mwingine aliyewahi kuzifua zile bendera? Yupo?

Nahodha, aliyekuwa amesimama mlangoni na hatukujua, kasema hakuwahi kujua sulisuli wake ni wa buluu. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

Basi. Nabaki. Kwa sharti moja: sitagusa kitu chochote cha botini bila Nahodha kusema ndiyo kwa mdomo, si kwa kichwa.

Nilimrukia Dada Pasi shingoni. Kanipapasa mgongo kama anatoa mikunjo. Nikamuuliza basi na yale mashuka ya Ijumaa, ya kunizibia kamba? Kanitazama kama mtu asiyeelewa. Kasema nusu yalikuwa ya zamu yangu. Wiki nzima mimi niko gatini, nilidhani nani anayafua?

Ni mwanamke bora kabisa kisiwani, na nilikuwa naye chumba kimoja cha kazi siku zote hizo nikimwogopa.

Lakini tukubaliane: mipango yangu imefaulu. Nilitaka chumba, nimepata chumba. Nilitaka kuonekana, nani hakuniona? Mtu akipanga kwa akili mambo hufika, hata yakipitia kwingine.

Na ndiyo maana sitakaa nimekunja mikono. Dada Pasi anapanda boti ya mizigo kesho asubuhi. Kesho! Ndiyo kwanza nimejua kwamba ni rafiki yangu. Sijamshukuru, sijamjua mama yake, sijajifunza yule samaki taa. Na huko kwao kibao hakijapakwa hata rangi, kasema mwenyewe. Kina haraka gani?

Gauni lake la safari lilikuwa limetundikwa mlangoni, limenyooshwa, linangoja. Ni zito, la kitambaa kile kinachoshika maji. Nimelitia kwenye beseni. Na sabuni nyingi.

Baba Bonge kaniona. Kauliza, kwa upole wake, kama nimefikiri kwamba nguo ikiwa mbichi Dada Pasi ataachwa na boti, na akiachwa na boti Meneja atakuwa na mafundi wawili wa kufulia na kazi ya mmoja, na mmoja wao ni yule anayejua kupiga pasi kamba za viatu.

Nimemwambia arudi kwenye injini zake. Wanaume hawaoni mbali.

Nimeongeza maji. Asubuhi atalikuta linaelea. Atanishukuru.